Kitufe cha Shiriki

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyefika hapa, sijui u nani na sitaki kujua. Nakuomba kitu kimoja tu: funga. Kama mkono umegoma kufunga, basi soma kwa macho, si kwa mdomo. Usimsomee mwenzio. Usiseme hata kwamba kuna mahali umesoma jambo fulani. Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi hadi mvua ziishe, na neno langu moja likitoka nje ya ukurasa huu nimekwisha.

Naandika kwa sababu nimeamriwa. Leo asubuhi fundi wa kompyuta alikuja ofisini kwetu, akasimama mbele ya madirisha yetu matatu ya kupokelea watu, akatangaza kwamba madaftari ya karatasi basi. Kuanzia sasa kila karani ataandika kumbukumbu zake kwenye programu ya daftari, ndani ya simu yake. "Wiki hizi andikeni chochote mpate kuizoea," alisema. "Habari za nyumbani, mlichokula, chochote."

Programu yenyewe ni ukurasa mweupe na kimstari kinachopepesa. Kile kimstari kinanitisha. Kinapepesa kama mwalimu anayegonga kidole mezani akisubiri jibu.

Chini ya ukurasa kuna kitufe kilichoandikwa Shiriki. Nilimwita fundi nikamwuliza ni cha nini. Alikuwa tayari anakunja waya zake.

"Bonyeza tu, dada. Usipobonyeza, kazi yako haionekani."

"Haionekani na nani?"

"Na mfumo." Akaondoka.

Kwa Kiswahili niliongoza darasani kwetu miaka yote. Shiriki ni amri: wewe, shiriki, chukua sehemu yako katika jambo. Karani wa majaribio akiambiwa ashiriki, anashiriki. Nikabonyeza. Ikaniuliza: Ofisi yote? Nikakubali, maana ni kweli ofisi yote ilikuwa inashiriki. Pembeni kule juu, mahali kioo cha simu yangu kilipopasuka, vikatokea vitone vya rangi. Mapambo, nadhani.

Kisha nikaifunga simu kwa nywila ndefu yenye herufi na namba. Sasa naweza kuandika.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafuta kitufe cha kuhifadhi mpaka macho yakaniuma. Hakipo. Inajihifadhi yenyewe bila kuombwa. Siipendi tabia hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Programu imegoma. Imeandika: Hakuna wifi.

Nikasema moyoni, laiti. Wifi yupo. Amekaa sebuleni katikati ya lundo la nguo anazozipiga picha na kuziuza kwa simu, na yupo tangu siku kaka yangu alipomwoa. Mimi ndiye wa kupita. Nimepewa chumba cha nyuma, kile kinachofunguka kwa kuinua mlango.

"Wifi, mtandao umekatika?"

"Nimeuzima."

"Nauhitaji kwa kazi."

"Kazi umeiacha ofisini, wifi yangu. Hapa kuna vyombo."

Kaka alikuwepo. Kaka akaangalia dari.

Nikaosha vyombo. Nilipomaliza akauwasha bila kunitazama, na simu ikaandika: Umeunganishwa na wifi. Uongo mtupu.

Jumatatu, 10 Machi

Nieleze mahali ninapofanya kazi, kwa kuwa nimeambiwa nizoee kuandika.

Tunapokea maombi ya vyeti vya kuzaliwa. Mzazi anakuja, anasukuma karatasi chini ya kioo, karani anazikagua, anagonga muhuri, anaziweka kwenye boksi la stoo zisubiri zamu ya kuingizwa kwenye mfumo. Mwaka huu foleni imekuwa ndefu kuliko kawaida. Shule hazitamwandikisha mtoto asiye na cheti, na uandikishaji unafungwa mvua zikiisha. Atakayechelewa atakaa nyumbani mwaka mzima.

Dirisha la kwanza lina mwanamke ninayemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Anajua nani kaachwa, nani kaumwa, nani kahama bila kuaga. Tena anakunywa chai kwa kuivuta. Inatoka kwenye kikombe inapiga kelele kama maji yanayoishia kwenye bomba la sinki. Mimi niko dirisha la tatu na bado naisikia. Nikijua kwamba chai inakuja, mabega yananipanda yenyewe.

Mkuu wa ofisi namwita Kifuniko. Ukimpelekea tatizo lolote, dari inavuja, muhuri umepotea, mzee kazimia kwenye foleni, jibu lake ni lile lile: "Hilo tulifunike kwanza." Amevaa shati la kijani lililofifia kwapani, na akisimama nyuma yako unamsikia anapumua kabla hujamwona.

Haya ndiyo mambo ambayo mtu hawezi kuyasema popote. Nashukuru kwa nywila.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Imeanza kwa ugomvi, bila manyunyu ya kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Redio leo amekunywa chai kimya kimya. Kila funda alilimeza kama dawa, huku akinikazia macho juu ya kikombe.

"Chai ya leo haina sauti, umeona?" akaniuliza.

"Sikuangalia, mama."

"Haya. Endelea kutoangalia."

Sijui nimemkosea nini.

Jumatatu, 17 Machi

Dari inavuja juu ya dirisha la pili. Maji yanadondoka karibu kabisa na kiti, na karani aliyekuwa pale kahamishiwa kituo kingine akaondoka na kikohozi chake. Siogopi mengi hapa kama ninavyoogopa kiti kile. Kifua changu tangu utotoni hakipatani na unyevu. Naomba nibaki dirisha la tatu tu. Sijamwambia mtu, nisije nikaonekana nachagua kazi.

Jumanne, 18 Machi

Kifuniko alinisimamia nyuma. Nikasikia pumzi.

"Binti, kuanzia leo hamia dirisha la pili."

"Sawa, Mkuu."

"Kifua chako kizima lakini?"

Nilimwambia kizima. Alitabasamu mpaka nikaona jino lake la nyuma. Nimekaa siku nzima na ndoo miguuni. Inawezekanaje mtu akagusa pale pale panapouma, bila kuambiwa?

Jumatano, 19 Machi

Ndoo. Kikohozi.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna jipya. Wakati wa kutoka nilipitia stoo kuliweka boksi la maombi niliyopokea. Kifuniko alikuwa amefungua dirisha la stoo anavuta sigara, kiwiko nje. Akaniambia niliweke hapo hapo chini ya dirisha, niende zangu. Nikaliweka. Wingu lilikuwa limekaa juu ya paa la jirani kama mtu aliyekunja uso. Nilitaka kumwambia akumbuke kulifunga dirisha. Mdomo haukufunguka. Nani amwambie Mkuu afunge dirisha?

Jumatatu, 24 Machi

Sijui nianzie wapi. Mvua ilipiga Jumamosi na Jumapili bila kupumzika. Leo asubuhi Redio ndiye aliyefungua stoo, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akikosa neno.

Dirisha lilikuwa wazi, linapigapiga ukuta. Boksi langu lilikuwa chini yake. Maombi yote niliyopokea tangu mvua zianze yalikuwa yamegandana yakawa kitu kimoja, kama mkate uliochovywa ukasahaulika kwenye kikombe. Nilijaribu kutenganisha karatasi ya juu. Ikaja na wino wa zile za chini yake, jina la mtoto mmoja likiwa limelala juu ya jina la mtoto mwingine. Nikaiweka chini. Mikono yangu ilikuwa ya bluu.

Kifuniko aliingia, akatazama dirisha, akatazama boksi, kisha akanitazama mimi, kwa mpangilio huo. Hakuonekana ameshtuka. Kipisi cha sigara kilikuwa bado kwenye kizingiti, kimelowa.

Akatuita sote mbele.

"Hilo tulifunike," alisema. "Mtu akija kuulizia ombi lake, mnaangalia kwenye mfumo. Kwenye mfumo halipo. Basi hakuleta."

"Lakini wameleta, Mkuu," nikasikia sauti inasema, na kumbe ni yangu.

"Nani kapokea?"

"Mimi."

"Una uhakika unataka kuwa wewe?"

Redio alikuwa anazungusha kijiko kwenye kikombe kitupu.

"Aanze upya kama kila mtu," alisema Kifuniko. "Neno ni moja tu: hukuleta. Mnalisema kwa adabu. Mnamwita anayefuata."

Akianza upya leo, zamu yake itafika uandikishaji umeshafungwa. Nilitaka kuuliza hilo. Badala yake nikasema, "Sawa, Mkuu," maana hilo ndilo neno ninaloliweza. Wale watoto wangekuwa na vyeti kabla ya shule kufunga milango. Sasa hawatakuwa navyo, kwa sababu ya sigara moja.

Naandika huku nakohoa. Wifi kapiga ukuta mara mbili kwamba namsumbua.

Ijumaa, 28 Machi

Leo amekuja mshonaji. Namkumbuka. Alileta ombi la binti yake wiki ya pili ya mvua, akiwa amejisahau na utepe wa kupimia shingoni.

"Karani, habari za kazi. Nimefuata cheti cha mwanangu."

Nikajifanya naangalia kwenye mfumo. "Ombi lako halipo, mama."

"Halipo, au hujalitafuta?"

"Halipo kwenye mfumo."

"Mimi sikuupa mfumo. Nilikupa wewe."

Nyuma yangu pumzi. Kifuniko alikuwa amesimama.

"Hukuleta," nikasema.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliinamia kile kitundu cha kioo mpaka nikaona vumbi la uzi kwenye nyusi zake.

"Siku ile uliniambia nina mwandiko mzuri," alisema. "Uliusifu. Uliusifia wapi, kama sikuleta?"

Nikamwita anayefuata.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwona tena barabarani, anaingia jengo la ofisi kuu. Nikajiinamisha kufunga viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Ijumaa, 4 Aprili

Kikohozi. Redio kaniachia tangawizi kwenye meza, haina maelezo. Sijaigusa. Mtu wa aina ile hatoi kitu bure.

Jumatatu, 7 Aprili

Kifuniko aliniita wakati wa chakula cha mchana.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Keti. Kifuniko anataka kuzungumza nawe."

Nilifikiri masikio yamenicheza.

"Nani, Mkuu?"

"Kifuniko. Bwana mmoja hivi, shati lake limefifia kwapani. Humfahamu? Mbona umemwandika vizuri. Una kipaji, binti."

Akageuza kompyuta yake iniangalie. Ulikuwepo ukurasa wangu. Ukurasa huu. Chai ya Redio, kifua changu, vyombo vya wifi, sigara, vyote vimepangwa chini ya tarehe zake kama nguo kwenye kamba. Kimstari kilikuwa kinapepesa mwishoni, baada ya tangawizi. Na kule juu, pale simu yangu ilipopasuka, kioo chake yeye kilikuwa kizima. Vile vitone havikuwa mapambo. Kila kimoja kilikuwa na herufi ya jina ndani yake. Kila kimoja kilikuwa mtu. Chekundu kilikuwa chake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Wewe mwenyewe ulitushirikisha."

Alilitamka neno hilo kwa usahihi kamili, na hapo ndipo nilipoelewa. Shirikisha. Kitufe kilipaswa kusema Shirikisha: wafanye wengine washiriki. Kimepungukiwa silabi moja, na mimi mwenye alama zangu zote nimetumbukia kwenye pengo lake. Ningekuwa mjinga wa sarufi kidogo tu ningemwuliza fundi mara ya pili.

Niliona aibu. Halafu, kabla aibu haijaisha, nikakumbuka kiti cha dirisha la pili. Alisoma kwamba nakiogopa, akanikalisha.

Alisukuma karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilisema kwamba dirisha la stoo niliacha wazi mimi. Ya pili ilikuwa barua ya kunithibitisha kazini, imekamilika, imebaki saini yake tu.

"Mwanamke mmoja kalalamika juu," alisema. "Wakaguzi wanakuja baada ya wiki hii. Ijumaa utafuta yote uliyoandika, mbele yangu. Utasaini hii. Nami nitasaini hii. Umekuwa mfanyakazi wa kudumu."

"Wengine wameshasoma, Mkuu."

"Watu husahau walichosoma. Hawasahau wanachoweza kukisoma tena."

Nikamwambia sawa, Mkuu. Nimelichoka hilo neno langu.

Jumanne, 8 Aprili

Ya jana na haya ya leo niliyaandika kwanza kwenye karatasi, nikayahamishia hapa baada ya Ijumaa, maana sasa najua nani anasoma. Nilimfuata Redio kwenye kijichumba cha chai. Alikuwa anaosha kikombe.

"Mama, wewe ni kitone gani?"

"Cha njano." Hakugeuka. "Na tangu wiki ile nakunywa chai kama mgonjwa, kwa ajili yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulinitukana ukanitukana tena. Mwanzoni nilitaka uaibike, uaibike vizuri. Nikasema mwache aandike, iko siku. Halafu ukaandika la dirisha. Nikaona, ee, hapa si mambo ya chai tena."

"Umemwambia nani?"

Hapo aligeuka. "Mimi? Sijamwambia mtu. Hata mume wangu. Unajua ilivyoniuma? Redio nzima!"

Nilicheka kwa nguvu, nikakohoa, akanipiga mgongoni kwa mkono wenye povu. Kisha akasema kwa haraka, macho mlangoni: aliyepokea ombi akiandika na kusaini kwamba alilipokea, ombi linahesabiwa lilifika, kwa tarehe yake ile ile. Mzazi harudi nyuma ya foleni. Kanuni hiyo ipo, ila hawaipendi kuisema. Na haimtaki karani awe bado kazini. Inamtaka awe ndiye aliyepokea.

"Utasimama na mimi, mama?"

"Sitasimama." Alikausha mikono kidole kimoja kimoja. "Usinitazame hivyo, mwanangu. Nimebakiza muda mfupi nistaafu. Sitasema lolote kwa hiari yangu. Ila wakiniuliza kama nilisoma, nitajibu nilisoma. Zaidi ya hapo usinidai."

Niliitia ile tangawizi kwenye chai. Inachoma vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua nyembamba, ya kuudhi.

Kifuniko alikuja kwenye meza yangu, si mimi niliyekwenda kwake. Alitaka wengine waone. Akasimama nyuma, pumzi kwenye kisogo, karatasi mbili mkononi. Nikafungua ukurasa. Nikabonyeza Futa.

Programu ikauliza: Una uhakika?

Nilikaa nikilitazama swali hilo. Tangu niingie ofisi ile, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo akitaka jibu. Kifuniko aliniuliza siku ya boksi, lakini alikuwa ananitisha. Hii ilitaka kujua kweli. Ilikuwa imeweka majibu mawili, yamelingana ukubwa, ikanisubiri, kimstari kikipepesa. Nikagundua sikiogopi tena kile kimstari.

Nikabonyeza Hapana.

"Umekosea kitufe," alisema Kifuniko.

"Hapana, Mkuu. Safari hii nimesoma vizuri."

"Binti, hivi unajua unachokifanya?"

"Najua kilichoandikwa."

Kwenye dirisha la kwanza kukasikika sauti. Redio alikuwa ameinua kikombe, akavuta chai yake yote, ndefu, kama bomba la sinki, bila haya. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Kifuniko alichana barua yangu mara moja, katikati, kwa utulivu. Ile nyingine hakuichana. Akaniambia nikusanye vitu vyangu. Nilikuwa na kikombe, kalamu na sweta. Nikaiacha ndoo.

Foleni ilikuwa imefika hadi mlangoni, na ndani yake yupo mshonaji, utepe shingoni, amekuja kupanga foleni upya. Nilisimama mbele yake watu wote wakisikia.

"Mama, ulileta. Nilipokea mimi. Mwandiko wako ni mzuri."

"Sasa ndiyo unaniambia?" akasema. Hakunishukuru. Hakupaswa.

Jumatatu, 14 Aprili

Sina kazi. Nimemwambia kaka. Kaka kaangalia dari. Wifi hakuangalia dari.

"Kwa hiyo umefukuzwa kwa kuandika?"

"Kwa kutofuta."

"Na uliandika nini hasa?"

Nikamwambia nataka ukurasa huu uonwe na wote walioambiwa hukuleta, wapate kunijua na kunifikia. Nikamwambia pia kuna yake humo ndani. Akazima mtandao, kwa mazoea nadhani, akaketi juu ya lundo la nguo.

"Soma yote. Na yale ya kwangu usiruke."

Nikasoma. Nilipofika pa "Mimi ndiye wa kupita" niliongeza kasi. Nilipofika pa "Umeunganishwa na wifi, uongo mtupu" alitoa mlio nikadhani analia. Alikuwa anacheka, amejifunika uso kwa gauni la mtu.

"Wewe una mdomo mchafu, wifi," alisema, akifuta macho. "Sikujua. Unavyokaa hapa umenyamaza kama kabati, nilidhani unatudharau na shule yako."

"Nilikuwa naogopa."

"Mimi pia."

"Kwamba nini?"

"Kwamba unamwambia kaka yako habari zangu." Akasimama, akauwasha mtandao. "Vyombo viko pale pale lakini."

Jumanne, 22 Aprili

Wakaguzi wamekuja. Mimi sikuitwa. Redio amepita hapa baada ya kazi, amelowa. Walimwuliza kama aliusoma ukurasa wangu. Akajibu aliusoma. Wakaandika kitu, wakaondoka. Kifuniko bado yupo. Kiti cha dirisha la pili kakalishwa mwingine.

Jumatano, 30 Aprili

Mshonaji amefika nyumbani, nilikomwelekeza siku ile ya foleni, kwa hasira yake ile ile. Nimemwandikia tamko langu na kusaini. Hakukaa. Kiti alikitazama kama kimemtukana.

Jumatatu, 5 Mei

Ombi la mshonaji limekubaliwa kwa tarehe yake ya kwanza. Amenitumia ujumbe wa neno moja: Limefika. Halafu mwingine: Wapo wenzangu wengi.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zimeisha. Uandikishaji utafungwa wiki ijayo, muda ni mfupi, kwa hiyo soma upesi.

Wifi ametoa gauni moja kwa fundi simu, na kioo changu kimekuwa kizima. Vitone naviona vyote sasa. Chekundu bado kipo. Mkuu, shikamoo. Kaa tu usome, hujafukuzwa.

Leo nimebonyeza Shiriki tena. Iliponiuliza na nani, sikuchagua ofisi. Nimechagua yeyote mwenye kiungo, na kiungo anacho mshonaji, naye hana subira. Yale niliyokuomba siku ya kwanza yaache. Soma kwa mdomo. Msomee mwenzio.

Kama ulileta ombi dirisha la tatu mvua zilipoanza, au dirisha la pili hadi ile Ijumaa ya sigara, kisha ukaambiwa hukuleta: ulileta. Nilipokea mimi. Njoo nikuandikie.

Usipite ofisini kuniulizia, watakuambia hawanijui. Nyuma ya duka la madaftari na sare za shule kuna uchochoro mmoja. Ufuate hadi kwenye geti la bluu. Gonga kwa jiwe, si kwa mkono, kwa sababu wifi yangu hupanga nguo huku muziki ukiwa juu. Atakuuliza wewe ni nani, unamtaka nani na umekula. Mjibu yote, ndivyo alivyo. Uje na jina la mtoto, siku aliyozaliwa, na chochote unachokumbuka cha siku ile uliyoleta: ulivaa nini, nilikuambia nini. Mimi huwakumbuka watu kwa vitu kama hivyo. Usipoweza kuja, andika hapa hapa chini, palipoandikwa Toa maoni. Nitaona.

Na geti likigoma, usigeuke ukaondoka. Bawaba imeshuka tu. Linyanyue kidogo, halafu sukuma.